Filta ya oili kwa gari la kilomita nyingi: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukishaanza kulipa, gereji za Masasi, Newala na Nachingwea hujaa. Magari yaliyosukumwa miezi mingi kwa kuongezewa oili juu kwa juu ndipo hupelekwa sevisi. Barua za safari hii nyingi zinauliza kuhusu filta ya oili. Tumechagua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Wataalamu, habari za kazi. Nina Noah ile ya zamani, SR40 yenye injini ya 3S-FE, inabeba abiria Masasi–Mtwara. Mita inasoma kilomita 287,000. Dukani nimeonyeshwa filta tatu za bei tatu, na muuzaji anasema zote zinaingia. Gari lenyewe limeshachoka. Kuna haja ya kununua ya bei ya juu, au hata ya bei ndogo inatosha?
*Dereva, Masasi*

Kaka, injini iliyochoka inahitaji filta nzuri kuliko injini mpya. Ringi za pistoni zikiisha, moshi na masizi hupenya kutoka chumba cha mwako na kushuka kwenye oili. Nafasi kati ya beringi na krankshafti, ile shafti kuu ya injini, nazo zimeongezeka, kwa hiyo presha ya oili tayari iko chini. Uchafu umeongezeka, na presha ya kuusukumia imepungua. Filta dhaifu ikiwekwa hapo haichukui muda kuleta madhara.

Lakini bei isiwe kitu cha kwanza kuangalia. Cha kwanza ni kama filta ni ya injini yako. Ukifika dukani usiombe "filta ya Noah". Noah zilizoanza mwaka 2001 zina injini nyingine, 1AZ-FSE, na wewe una 3S-FE. Taja injini, na uende na filta ya zamani mkononi. Namba za filta za Toyota zenyewe, zile za kopo la kuzungusha, huanza na 90915. Zile za karatasi tupu inayoingia ndani ya nyumba yake huanza na 04152. Za Nissan huanza na 15208, za Honda 15400. Watengenezaji wengine wa filta huwa na katalogi inayoonyesha filta yao ipi inashika nafasi ya namba ipi, na muuzaji anayejua kazi yake atakufungulia aangalie.

Kuingia hakutoshi. Filta mbili zinaweza kuwa na uzi mmoja wa kufungia, raba ya upana mmoja, na bado zikatofautiana kwa ndani. Kuna valvu mbili za kuzijua.

Ya kwanza ni ya kuzuia oili isirudi. Ni kipande cha raba nyembamba kilicho nyuma ya vile vitundu vidogo vinavyozunguka mdomo wa filta. Ukizima injini, raba hiyo hufunga vitundu ili oili ibaki ndani ya kopo. Ya pili ni ya njia ya kando. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito na baridi, valvu hii hufunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, kwa sababu beringi ni afadhali ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Mara nyingi hufunguka tofauti ya presha kati ya pande mbili za karatasi ikifika bar 0.6 hadi 1.5, kulingana na injini. Filta yenye springi legevu hufunguka mapema, na kwenye gari lako hiyo ina maana oili nyingi inazunguka bila kuchujwa kabisa. Yenye springi ngumu mno haifunguki kwa wakati, na karatasi iliyoziba inaweza kupasuka au kukunjamana. Baadhi ya injini zina valvu hii kwenye bloku lenyewe, yaani mwili wa injini, na filta yake haina. Ndiyo sababu ya pili ya kufuata namba badala ya kulinganisha kwa macho.

Sasa chukua zile tatu ulizoonyeshwa, uziweke kaunta, mdomo juu, uwashe tochi ya simu. Bonyeza raba ya nje kwa kidole gumba: iwe laini, isiyo na mpasuko, imekaa kwenye mfereji wake pande zote. Raba iliyokaa dukani miaka hukakamaa na kung'aa. Angalia uzi wa katikati, usiwe na vipande vya chuma wala meno yaliyolala. Chukua njiti safi ya kiberiti uisukume taratibu kwenye kitundu kimoja cha pembeni: raba ya ndani inapaswa kukubali kisha kurudi yenyewe. Halafu mulika tundu la katikati. Utaona bomba lenye matundu mengi, na chini yake springi au valvu. Bomba lenye matundu machache, gundi iliyomwagika, au karatasi inayochungulia ni dalili ya kazi mbaya. Mwisho itikise. Isisikike kitu kinachocheza ndani.

Kuhusu karatasi, wengi huvutiwa na maneno ya boksi. Boksi likisema "inachuja asilimia 99" bila kutaja ukubwa wa uchafu, halijasema kitu. Maelezo yenye maana hutaja maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na kipimo kinachotumika duniani ni ISO 4548-12. Filta inayokamata asilimia 99 ya chembe za maikroni 20 ni nzuri sana. Nyingi za karatasi ya kawaida zinafanya kazi yake ipasavyo kwenye maikroni 25 hadi 40, na kwa sevisi ya kilomita 5,000 zinatosha. Zenye nyuzi za sintetiki hubeba uchafu mwingi zaidi na huvumilia muda mrefu, ila faida hiyo utaipata tu ukiziacha kilomita nyingi, jambo ambalo hatukushauri kwa injini yako.

Kwa hiyo, kaka, nunua ya bei ya kati ya mtengenezaji anayejulikana kwa filta, kama Denso, VIC, Sakura, Mann au Mahle, au ya Toyota yenyewe, kisha uibadilishe kila kilomita 5,000. Hiyo ni bora kuliko ya bei ya juu inayokaa kilomita 15,000. Jina maarufu ndilo linaloghushiwa zaidi, hivyo ukaguzi wa tochi na njiti ufanye hata kama boksi linapendeza. Ile ya bei ndogo kabisa, isiyo na jina la kiwanda wala namba ya katalogi, iache.

Corolla yangu yenye injini ya 1NZ-FE, kila asubuhi nikiwasha inagonga kwa sekunde mbili tatu, kisha inatulia. Mchana haifanyi hivyo. Fundi mmoja anataka kufungua injini abadilishe cheni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.
*Mwalimu, Newala*

Mwalimu, usifungue injini bado. Mlio wa asubuhi peke yake, baada ya gari kulala, mara nyingi maana yake ni kwamba oili yote imeshuka usiku kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Ukiwasha, pampu inaanza kujaza filta tupu kwanza, ndipo oili ipande juu. Cheni ya 1NZ-FE inakazwa na kikazio kinachosukumwa na presha ya oili, kwa hiyo hata cheni nzima italia hadi presha ifike.

Mkosaji wa kwanza kuchunguzwa ni ile valvu ya raba tuliyoieleza hapo juu. Raba ya kawaida nyeusi hukakamaa kwa joto, na ikikakamaa haifungi tena. Za silikoni huvumilia joto zaidi na hubaki laini hadi sevisi inayofuata. Mara nyingi huwa na rangi ya chungwa au nyekundu, ingawa rangi peke yake si ushahidi, maana raba yoyote inaweza kutiwa rangi. Valvu hii ni ya lazima zaidi kwa filta iliyofungwa kwa ubavu au inayotazamisha mdomo chini. Iliyokaa mdomo juu hubaki na oili hata valvu ikichoka.

Badilisha filta, weka yenye valvu ya silikoni, weka oili ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha sikiliza asubuhi kadhaa mfululizo. Mlio ukiisha, tatizo umeshalitibu. Ukibaki vilevile, sasa fundi ana haki ya kuangalia kikazio na cheni. Na kama taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima kupita sekunde tano hivi, usiendelee kuwasha na kuzima kujaribu. Pima kwanza kiwango cha oili kwa kijiti, halafu fundi apime presha kwa geji halisi, afungue ile swichi ya presha na kufunga geji mahali pake. Injini za petroli za Toyota za umri huo hutakiwa kuwa na angalau kPa 29 zikiwa sailensa, yaani zinanguruma bila kukanyagwa mafuta, na oili imeshapata moto. Taa peke yake haiwezi kukuambia umebakiza kiasi gani.

Hapa Lindi mafundi wengi wanasema filta inabadilishwa kila baada ya oili mbili. Wengine wanaiosha kwa petroli na kuirudisha. Je, ni sahihi?
*Mama mwenye Vitz, Lindi mjini*

Si sahihi, mama, na hesabu ya gari lako mwenyewe inaonyesha. Ikiwa Vitz yako ina injini ya 1NZ-FE, inachukua oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, na lita 3.4 usipobadilisha. Tofauti ni lita 0.3. Hizo ndizo zinazobaki ndani ya filta ya zamani, zikiwa na uchafu wote uliokamatwa, na zinachanganyika na oili mpya mara tu unapowasha. Umelipia oili safi, lakini karibu asilimia 8 ya ulichonacho ni oili chafu.

Kuosha kwa petroli ni kubaya zaidi. Uchafu haukai juu ya karatasi tu, umezama ndani ya nyuzi zake, na petroli haiutoi. Inachofanya ni kulegeza gundi iliyoshika mikunjo na kubaki imeloana ndani, kisha kuyeyusha oili mpya iwe nyepesi. Kwenye injini ya kilomita nyingi, oili nyepesi kuliko inavyotakiwa ni presha iliyopungua zaidi.

Kuhusu muda, kwa gari la petroli lenye umri, oili ya kawaida na filta yake ni kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Ukiendesha zaidi safari fupi za mjini, kwenda sokoni na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyoshuka kwenye oili, hivyo zingatia miezi kuliko kilomita. Wanaopanda barabara za vumbi kuelekea Liwale au vijiji vya Rondo wana jambo la ziada. Vumbi linaingia kwenye oili kupitia filta ya hewa iliyochanika au isiyokaa vizuri kwenye boksi lake. Filta nzuri ya oili haiwezi kufidia filta mbovu ya hewa. Ukipitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande wa baada ya filta, kikatoka na vumbi, anzia hapo.

Niliwekewa oili na filta mpya asubuhi. Nilipofika karibu na Mingoyo, oili yote ilimwagika barabarani, taa ikawaka. Nilizima haraka. Fundi anasema pampu yangu ina presha kubwa mno imeisukuma filta. Nimlaumu nani?
*Msafiri, Mtwara*

Ndugu, ulifanya vizuri kuzima mara moja. Huenda umeokoa injini. Kuhusu lawama, kopo lenyewe la filta litasema. Litazame. Ikiwa kitako chake kimevimba, au ukingo ulipokunjwa kushika bati la mdomo umefunguka, basi kweli presha ilipita kiasi, na sababu huwa ni valvu ya kupunguza presha kwenye pampu iliyokwama imefunga. Ikiwa kopo limenyooka kama lilivyotoka dukani, pampu haina kosa. Hapo zimebaki sababu tatu, na zote ni za ufungaji.

Ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kabisa, ni raba mbili. Raba ya filta ya zamani hung'ang'ania kwenye injini, fundi haioni, anafunga mpya juu yake. Inakaza vizuri, haivuji ukiwa gereji, lakini injini ikipata moto na ukaongeza mwendo raba hizo huteleza, na oili yote hutoka kwa dakika chache. Angalia kama raba mbili zimegandana.

Ya pili ni uzi. Filta nyingi za Toyota ndogo za petroli zina uzi wa inchi 3/4 wenye nyuzi 16 kwa inchi. Nyingi za Nissan na Honda ni milimita 20 kwa hatua ya milimita 1.5. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, na hatua yake ni karibu milimita 1.59. Kwa hiyo filta ya milimita 20 inaingia kwenye nipeli ya Toyota (kile kijibomba chenye nyuzi kinachoshika filta), inazunguka, hata inaonekana imekaza, kumbe imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Dalili yake ni kwamba inacheza huku na huku wakati inaingia, kabla raba haijagusa. Filta ya kweli huingia kwa mkono bila kuyumba.

Ya tatu ni kukaza vibaya, kupungua au kuzidi. Kuzidisha kwa spana ya mnyororo hukunja raba na kuikata.

Ufungaji wenyewe si mgumu, na unaweza kumsimamia fundi yeyote akiufanya. Injini iwe na joto la kadiri, si moto wa kuunguza. Gari likiinuliwa lisimame kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini. Fungua nati ya kumwagia oili, kwenye 1NZ ni ya spana namba 14, uache imwagike hadi ibaki matone. Badilisha washa yake, ile pete inayozuia oili isivuje kwenye nati. Toa filta ya zamani, *kisha uitazame mdomoni kama raba yake imetoka nayo*. Kama haipo, iko kwenye injini. Futa kwa kitambaa safi pale raba inapokaa, upitishe na kidole. Paka raba mpya oili mpya, isiwe grisi wala silikoni ya bomba. Kama filta inasimama mdomo juu, ijaze oili nusu kabla ya kuifunga. Izungushe kwa mkono hadi raba iguse, weka alama kwa kalamu, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati ya 1NZ inakazwa kwa nyutonimita 37, ambayo kwa spana ya kawaida ni mkono mmoja bila bomba la kuongezea urefu.

Weka oili, washa, iache sailensa dakika mbili huku mtu akimulika chini. Zima, subiri dakika tano, soma kijiti. Kisha, na hili wengi huliruka, endesha kilomita chache, rudi, mulika tena.

Kabla hujawasha tena injini iliyomwaga oili, weka filta sahihi na oili kamili, chomoa umeme wa plagi au wa nozeli, uzungushe kwa stata sekunde chache chache hadi taa izime. Ndipo uwashe.

Nina Prado ya 1KZ-TE, dizeli. Nimeweka oili mpya nzuri yenye sabuni nyingi, siku ya pili ni nyeusi tii. Nimeuziwa filta mbovu? Kuna dawa ya kusafisha injini imeshauriwa, niitumie?
*Mfanyabiashara, Nachingwea*

Filta yako huenda haina tatizo. Masizi ya dizeli ni madogo kuliko matundu ya karatasi, kwa hiyo oili ya dizeli huwa nyeusi mapema na huo ndio utendaji wake. Sabuni iliyomo, yaani kemikali ya kusafisha iliyochanganywa kwenye oili, inayashika masizi yaelee ili yasigande kwenye kuta.

Dawa ya kusafisha usiitumie kwenye injini ambayo hujui historia yake. Matope yaliyoganda miaka mingi yakibomoka kwa mkupuo, hayafiki kwenye filta kwanza. Yanafika kwenye wavu wa kufyonzea oili ulioko ndani ya sampu, na wavu ukiziba pampu haipati kitu cha kusukuma. Acha oili yako mpya isafishe taratibu. Unachotakiwa kufanya ni kutoa filta ya kwanza mapema, kilomita 1,500 hadi 2,000, kuweka nyingine na kuongeza oili iliyopungua, kisha kuendelea na sevisi ya kawaida. Kwenye 1KZ-TE kuna tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, na shafti yake inaelea juu ya oili ikizunguka kwa kasi kubwa sana. Filta ikiziba, tabo ndiyo hulia kwanza. Baada ya kupanda mlima au safari ndefu, iache sailensa dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Shikamoo, wakuu wa gereji. Ni desturi yangu kupasua filta ya zamani niangalie. Safari hii karatasi inametameta. Je, injini imekwisha?
*Mzee, Mikindani*

Shikamoo hatustahili kuipokea kutoka kwako, mzee wetu. Shikamoo ni yako. Desturi hiyo ni nzuri, na laiti wenye magari ya zamani wote wangeifuata.

Kwanza tuhakikishe unachokiona kimetoka kwenye injini. Ukipasua kwa msumeno wa chuma, msumeno wenyewe humwaga unga wa chuma kwenye karatasi. Kata ukingo ule uliokunjwa karibu na mdomo kwa kikata bomba au mkasi wa bati, kopo litaachia zima. Toa mkusanyiko wa karatasi, kata karatasi kwa kisu kikali kufuata kingo zake mbili za juu na chini, ikunjue kama mkeka, ukamue oili kwenye jiliwa (vaisi) ukiwa umeibana kati ya mbao mbili. Kisha ipeleke juani, uishike kwa mshazari na kuigeuzageuza.

Chembe chache laini zilizotawanyika, zinazoonekana tu jua likipiga, ni kawaida kwa injini ya kilomita nyingi. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vinavyonaswa ni chuma: kemshafti, ringi, gia ya pampu au cheni. Visivyonaswa vya rangi ya fedha ni alumini, ambayo hutoka kwenye pistoni au kwenye beringi. Vya rangi ya shaba ni tabaka la ndani la beringi, na hapo tabaka la juu limeshaisha. Ukiona shaba, gari lisitembee safari ndefu. Sampu ishushwe na kofia moja ya beringi ifunguliwe. Kubadilisha beringi mapema ni kazi ndogo, krankshafti ikishachimbika kazi inakuwa ya mashine.

Vipande vyeusi vinavyovunjika kwa kidole ni kaboni. Vinavyovutika ni raba au silikoni ya bomba iliyopakwa kwa wingi kwenye sampu na fundi aliyepita. Ukikuta chembe kama mchanga, zinazokwaruza ukizisugua kati ya kioo na kidole, rudi kwenye filta ya hewa.

Hifadhi karatasi hiyo kwenye bahasha, uandike tarehe na kilomita. Weka filta mpya, tembea kilomita 1,000, pasua tena. Mfululizo ndio unaoonyesha kama jambo linakua au limesimama.

Naweza kuweka filta kubwa zaidi ya ile ya gari langu? Na sumaku za kubandika juu ya filta zinasaidia?
*Kijana wa gereji, Ruangwa*

Kubwa inawezekana ikiwa mambo manne yamelingana: uzi, kipenyo cha raba, presha ya valvu ya njia ya kando, na nafasi ya kutosha ili isiguse mwili wa gari wala bomba la moshi. Itabeba uchafu zaidi, na utaongeza oili kidogo, soma kijiti. Kama filta inaning'inia chini ya bamba la kinga, usifanye hivyo kwa barabara zenu. Jiwe moja linatosha. Sumaku inanasa chuma tu, haigusi kaboni, vumbi wala alumini. Haina madhara ikibandikwa imara, lakini haibadilishi muda wa sevisi.

Naishi Msanga Mkuu, gari linalala jirani na bahari. Filta ina kutu nje, ingawa ina miezi minne tu. Nipake rangi?
*Mvuvi, Mtwara*

Usipake rangi juu ya kutu, utaficha tundu linaloanza. Bati la kopo ni jembamba, na chumvi huanza kulila pale rangi ilipokwaruzwa na spana, ndiyo maana tunasisitiza kufunga kwa mkono. Isugue kwa kitambaa kikavu. Kutu ikitoka na kubaki doa, endelea hadi sevisi. Ikibaki vishimo unavyovihisi kwa ukucha, ibadilishe sasa, huna haja ya kumwaga oili yote, ongeza tu iliyotoka. Filta mpya ipakwe oili nyepesi nje kwa kitambaa baada ya kuifunga, na unapoosha gari kwa maji yasiyo na chumvi elekeza mpira hadi chini ya injini, chumvi isikae. Filta ya zamani itoboe kitako, iinamishe mdomo chini kwenye chombo usiku kucha, na oili yake uipeleke gereji inakokusanywa, isimwagwe mchangani.